Mzee Manasseh Kati ya Vikapu

...na Drusilla alikuwa ameapa, mkono juu ya Biblia ya marehemu mumewe, kwamba siri ya mjukuu wake Beverlyne haitamtoka kinywani, na haikumtoka, ila kwa jirani yake Mokeira tu, na Mokeira si mtu wa nje, na yule muuza mkaa labda alisikia akipita... lakini hapa mbele ya kikundi cha wasusi wa Birongo amenyamaza, barua ya kujiuzulu imekunjwa pochini, huku mwenyekiti Obadiah akisema macho ya mama yetu yamechoka, kazi ya kuandika habari kwenye tovuti ya kikundi apewe mwingine, yamechoka, macho haya yanayojua nani kaingia kwa nani hata kukiwa na ukungu, na huyo mwingine ni nani kama si mpwa wa Obadiah, Nyakundi aliyeitengeneza tovuti yenyewe, na yote ni kwa ajili ya Mzee Manasseh, tangazo dogo, mgane wa miaka sabini anatafuta mwenzi mcha Mungu, alilibandika ukurasa wa Nyumbani, haki ya Mungu, pale juu neno Nyumbani lilikuwa jekundu, na si wekundu ndio hukuambia uko wapi, kumbe yuko ukurasa wa Bidhaa, Manasseh wa watu akakaa kati ya vikapu na nyungo, mama mmoja wa Nyamira akapiga simu kuuliza bei, na kama analetwa hadi mlangoni... usicheke, Drusilla, kohoa... ukubali tu ulikosea, mama, anasema Obadiah, akubali nini, Beverlyne alimwonyesha, magokoro, bibi yangu, bonyeza Bidhaa, Nyumbani jekundu, bonyeza Habari, Nyumbani jekundu, Nyakundi alinakili ukurasa wa kwanza mara nne na alama ya rangi akaiacha palepale, dawa ni kila ukurasa utazame anwani yake ndipo upake rangi jina lake, lakini usiseme, Nyakundi ndiye ananifundisha kazi... sawa, hatasema, ila mtu hawezi kuwa nyumbani na sokoni Nyakoe saa ileile, na bibi aliyeficha siri za ndoa tisa atashindwa na rangi, hatoki, barua hiyo itafungia njugu, kuapa aliapa kutosema, kutouliza hakuapa...

"Nyakundi mwanangu," akasema bila kuinuka kitini, sauti imeiva kama ndizi, "kabla sijaondoka, tutengenezee ukurasa wa Nyungo, sote tuone ukutani."

...na Nyakundi anatabasamu, mbele ya projekta, anafungua Nyumbani, ananakili, anabandika, anafuta kichwa, anaandika Nyungo, anaufungua, picha za nyungo zimejaa ukuta, na pale juu...

"Sasa hapo tuko wapi, mwanangu?"

...wanawake thelathini wanasoma kwa pamoja lile neno jekundu, Nyumbani, Obadiah anavua miwani anaivaa tena, Manasseh kule nyuma anauliza kama bei yake ilipatikana, na mkono wa Nyakundi bado uko juu ya kipanya.