Mteja Aliyepimwa Akining'inia

Katika nyumba ile waliishi mafundi wawili, na kila mmoja aliamini kwamba jina hilo ni lake kwa haki na la mwenzake kwa hisani. Mume alitengeneza mafriji. Mke alishona nguo. Walipoitana "fundi," watoto walitambua kwa sauti tu kama ni heshima au ni kejeli, na heshima haikuwa na zamu nyingi.

Kilichowatenganisha ni banda lililoegemea ukuta wa nyumba. Humo lilikaa gari kuukuu la mume, la aina ile ambayo injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mke alilitaka banda liwe chumba cha kushonea, maana meza yake ya kukatia ilikuwa sebuleni, na wageni walikwisha kuzoea kuweka vikombe vya chai juu ya vitambaa vya watu. Mume naye alikuwa amelitia gari injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo, na tangu hapo lilikataa katakata kupanda mlima wa tangi la maji. Mara ya kwanza ekseli ilikatika. Mara ya pili yakasagika meno ya difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Ndipo wakawekeana sharti mbele ya kaka yake mke, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma: safari hii likishindwa, linauzwa.

Mume alikubali kwa sababu tayari alikuwa amepata difu ya gari la mizigo, nene kama chungu, pamoja na ekseli zake. Alimweleza mkewe kwamba difu ya zamani ilikuwa na tabia mbaya: gurudumu moja likiteleza kwenye kokoto, nguvu zote huliendea hilo hilo linaloteleza, na lililoshika ardhi likabaki linatazama. Hii mpya ingeyabana yote mawili yavute pamoja. Mke alijibu, pasipo kuinua macho kwenye pindo, kwamba sasa ameyaelewa malezi ya mama mkwe wake.

Difu mpya ilifungwa. Tatizo likawa kwamba pua yake ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, kwa hiyo propela, kile chuma kirefu kinachotoka gia boksi hadi kwenye difu, ilipaswa kukatwa kidogo na kuungwa upya. Mume alijilaza mvunguni apime. Futi yake ya chuma haikuonekana, akaazima ya mkewe ya kushonea, naye mke akapiga magoti kumshikia ncha.

Akiwa pale chini aliona jambo. Gari lilikuwa limeinuliwa na kuegeshwa juu ya vigogo vilivyobeba fremu. Magurudumu ya nyuma, pamoja na difu yote, yalining'inia hewani kama miguu ya mtoto kwenye kiti kirefu. Akaona pia kwamba mumewe hakuliona. Kimya kilikuwa kinamtosha: propela ingekatwa kwa kipimo kibaya, gari lingekwama, banda lingekuwa lake. Alisoma namba kwa sauti, akaviringisha futi yake, akarudi cherehani.

Jioni hiyo alikata koti la mteja, mkasi ukawa mzito. Aliwahi kushuhudia mwanafunzi wake akipima suruali ya mtu aliyeketi, akampokonya futi mbele za watu. Asubuhi, mume alipokuwa amekwisha kuipeleka propela karakana, mke alifunga kilemba akamfuata.

Aliwakuta mume na kaka yake wameiinamia propela, imebanwa mezani, na alama ya chaki imekwisha kuwekwa.

"Kaka, weka msumeno chini," alisema. "Huyu mteja alipimwa akiwa amening'inia darini. Akikanyaga chini, suruali itamzidi."

"Gari si mteja, mama," mume akasema.

"Lina kiuno, lina miguu, na mnataka kulikatia. Sasa mteja ni nani?"

Kaka huyo, shemeji yake mume, alitazama alama yake ya chaki, kisha akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu anayejicheka mwenyewe. Alikiri kwamba hakuuliza gari lilikuwa limesimamaje. Aliamini kipimo kwa kuwa kililetwa na fundi. Mke akataka kujua ni fundi yupi.

Walirudi nyumbani, wakalishusha gari likasimama kwa magurudumu yake, wakapima upya. Difu ilikuwa imepanda na kusogea mbele, na kipimo kikapungua kwa upana wa vidole viwili. Propela ya kipimo cha jana ingeusukuma mwisho wa gia boksi mpaka kitu kipasuke.

Mume alitoka mvunguni akakaa sakafuni. "Futi uliishika wewe. Mbona jana hukusema?"

"Jana nilikuwa natafuta mahali pa kuweka meza."

Mume alijifuta grisi viganjani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, itakuwaje gari likipanda.

"Likipanda limepona," mke akasema. "Na mgonjwa aliyepona haendelei kulala wodini."

Siku mbili baadaye, propela ikiwa imekatwa kwa kipimo kipya, gari lilipanda mlima wa tangi la maji likiwa na shemeji na mifuko ya saruji nyuma, bila mguno, magurudumu yote mawili yakivuta. Mume alilizunguka tangi mara kadhaa zaidi ya ilivyohitajika, na shemeji akamwambia kwamba kuchelewa hakutabadilisha atakachokikuta.

Walikuta banda limefagiliwa, meza ya kukatia imewekwa katikati, na koti la mteja limetundikwa msumarini palipokuwa pakining'inia spana. Mume alizima injini uani, akashuka, akasimama mlangoni kama mtu aliyefika kwa wakwe.

"Karibu, fundi," mke akasema, na safari hii watoto hawakujua ilikuwa sauti ipi. "Cherehani bado iko sebuleni. Twende ushike upande mmoja, tuilete."

Akamfuata, akaushika.