Mwezi Umeonekana Muheza

Posa yangu ilikuwa imeingia mwaka wa pili na mimi bado mwari. Watu wa mtaa wetu wa Usagara, pale Tanga mjini, walikwisha kuchoka kuuliza. Mara ya kwanza arusi ilivunjika kwa sababu Kombo, mchumba wangu, alikwenda Mombasa kutafuta taa za redio, akasema anakwenda na kurudi, akarudi pilau imeshaliwa na waliokuja kuipika. Mara ya pili alikuwa Ushongo, juu ya mnazi, anamfungia mtu waya wa redio. Akaanguka akavunjika mkono wa kulia, na nikaha haifungwi bila kupeana mkono wa kulia. Nilimpelekea salamu kwamba aliyemtuma juu ya mnazi na amuoe yeye.

Nilikuwa na hasira, lakini nilimtaka. Nasema wazi, sina haja ya kujificha. Mwaka ule niliishi dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa moja, mtaa ule ule, mbuzi wale wale, na kila aliyepita alisema aliyoyasema jana. Kombo tu ndiye aliyekuja na jambo jipya mdomoni. Alikuwa fundi redio. Ufundi aliupata jeshini, vita vya Bama na Wajapani, na tangu arudi hakuweza kukaa kitako. Hata akinywa kahawa alikunywa amesimama.

Baba yangu, Shekhe Uweso, alikuwa imamu wa msikiti mdogo wa mtaa wetu. Si mtu wa kupandisha sauti. Baada ya ule mnazi wa Ushongo alimwita Kombo barazani akamwambia, "Uoe kabla ya mfungo. Ramadhani ikikukuta hujaoa, posa yako nakurudishia."

Ilikuwa mwezi wa Rajabu bado. Mwanamume mwingine angeoa wiki ile ile. Kombo alichagua siku ya thelathini ya Shaabani, siku ya mwisho kabisa, kwa sababu alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa mbinguni. Warusi walikuwa wamerusha mwezi wao wa kwanza wa chuma uizunguke dunia, kisha wa pili wenye mbwa ndani, na Kombo alikuwa akiufuata ule wa pili kama mtu aliyeibiwa kuku.

"Na kama Shaabani itaishia ishirini na tisa?" baba alimwuliza. "Mwezi ukiandama usiku ule, utaoa ndani ya Ramadhani?"

"Hautaonekana, Shekhe. Jioni ile utazama pamoja na jua. Nimepiga hesabu."

"Mwezi hutafutwa kwa macho, mwanangu, si kwa penseli."

Lakini baba aliikubali ile siku. Somo yangu aliyenifunda, Bi Mboni, alisema kaikubali kwa kuwa anajua itamwangusha Kombo, na mimi nikamwambia Bi Mboni anyamaze, kwa sababu nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo.

Si kwamba walichukiana. Walikuwa wakibishana kila alasiri pale barazani, na mimi nyuma ya dirisha sikubanduka. Kombo alisema sauti za redio ziko hewani kila mahali, hata saa hii zinapita katikati ya kikombe cha kahawa cha baba. Baba akakisogeza kikombe. Kombo alisema mashine ni tiifu kupita kiasi na pumbavu kupita mbuzi. Hufanya ulilolisema, wala haina habari ya ulilokusudia. Siku moja akasema wajukuu wetu watakwenda mwezini, na mmoja wao atasimama kule na kuuliza kibla kiko upande gani. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikaa na lile swali siku nyingi, halafu akaja kumjibu Kombo, kwa furaha kama mtoto, kwamba mtu huyo ataielekea dunia nzima na Mwenyezi Mungu atapokea.

Jambo moja tu lilikuwa gumu, nalo ni simu. Baba hakukubali ushahidi wa mwezi uje kwa simu. Shahidi, alisema, huonekana uso.

"Simu ni sikio refu tu, Shekhe," Kombo akasema. "Mwadhini wa alfajiri humwoni uso. Unamsikia gizani na unakwenda kusali."

Hoja ile ilimkaa baba. Bwana Hatibu, mwenye duka la pembeni na simu pekee ya mtaa wetu, aliipenda mno ile ya sikio refu, akawa anamsimulia kila mteja.

Ikafika jioni ya ishirini na tisa. Mawingu ya masika yalikuwa yamefunika mji wote, na watu waliotoka kutazama mwezi walirudi shingo zinauma. Sasa, nililokuja kulijua kesho yake nalisema hapa hapa. Kombo alikuwa na rafiki yake wa vitani, Timotheo, Mbondei, karani wa shamba la mkonge nje ya Muheza. Kwa kuwa Tanga kulikuwa na mawingu, alikuwa amemwomba Timotheo autazame mwezi wa Warusi kule, maana kwa hesabu yake ungepita mara baada ya jua kuchwa. Ukionekana, apige simu kwa Hatibu. Na Kombo, kwa kuwa siku zote alikuwa nao mdomoni, hakuwa akiuita mwezi wa Warusi tena. Aliuita mwezi.

Basi simu ikalia dukani.

"Mwambie Kombo mwezi umeonekana."

"Umeonekana wapi?" Hatibu akauliza.

"Huku Muheza. Tumeuona kwa macho yetu, watu wanne, waziwazi kabisa."

Hatibu hakuuliza jina. Alijua Kombo anaoa kesho, akadhani ni rafiki mwema anamtahadharisha bwana arusi. Akasema Allahu akbar, akaiacha simu inaning'inia, akakimbilia msikitini.

Baba alisita. Waliokuwapo walisema alisita mpaka watu wakaanza kukohoa. Akamwuliza Hatibu kama amemwona shahidi.

"Nimemsikia, Shekhe. Wanne, wameuona kwa macho. Na simu ni sikio refu tu."

Na baba akakubali. Misikiti mingine ya mji ilingoja neno la kadhi, lakini kila mwaka wako waliotangulia na waliochelewa, hakuna aliyeshangaa. Siye wa mtaa wetu tukasali tarawehe.

Bi Mboni alikuwa ananipaka hina. Mbiu ilipopita nje, "Kesho mfungo, mwezi umeandama," akakiweka kijiti cha hina chini. Mkono wa kushoto ulikuwa umejaa maua mpaka kiwiko, wa kulia haujaguswa.

"Malizia," nikamwambia.

"Nimalizie nini, mwanangu? Arusi ya mwezi gani?"

Mbuzi wa arusi alikuwa amefungwa uani, akilia. Mchele ulikuwa umeshachaguliwa. Nilimsikia baba akiingia na kupita mlangoni kwangu bila kusimama, na nikafikiri, amefurahi. Sikulia. Nilikwenda ukutani na kurudi, nikaenda na kurudi, mpaka Bi Mboni akasema nitamtia kizunguzungu.

Asubuhi jua halijapanda sawasawa Kombo aliingia, na Hatibu nyuma yake kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mimi na Bi Mboni tukajibanza nyuma ya mlango wa ukumbi.

"Shikamoo, Shekhe."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Shekhe, mwezi haukuonekana. Nimempigia simu Timotheo sasa hivi. Walichokiona ni ule wa Warusi. Salamu ilikuwa yangu miye, haikuwa ya msikiti."

Baba akavua kofia. "Timotheo," akasema. "Huyu ni Mkristo?"

"Mkristo."

"Na hao watatu?"

"Manase na ndugu zake. Wote wa kanisani."

"Kwa hiyo nimeufungisha mtaa mzima kwa ushahidi wa watu wanne wasiofunga, waliomwona mbwa."

"Mbwa alikwishakufa zamani, Shekhe," Kombo akasema. Hivyo ndivyo alivyo, hawezi kuliacha kosa likapita. "Na simu haikukosea. Ilisema kama ilivyoambiwa. Kosa ni letu tunaodhani mwezi ni mmoja."

"Kwani iko mingapi?"

"Wa Mrusi mmoja, ya Wamarekani miwili. Ukiuhesabu na wa Mwenyezi Mungu, minne."

Bi Mboni aliziba mdomo kwa kanga. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kupitia ufa wa mlango nilimwona baba. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi, anaikunja na kuikunjua, na nilimwona mzee kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikataa simu. Mara moja tu aliikubali, na aliikubali kwa maneno ya mkwe.

Hatibu akapiga magoti. "Shekhe, nisitiri. Tunaojua ni sisi watatu. Kufunga siku moja zaidi kumemdhuru nani? Tukinyamaza, yamekwisha."

Baba akamtazama Kombo. "Na weye unasemaje? Ukinyamaza, posa imekufa. Nilisema kabla ya mfungo, na neno langu halirudi nyuma."

Nilimwona Kombo akimtazama baba, na ile kofia. Mtu ambaye hakuwahi kutulia mahali pamoja alitulia.

"Basi, Shekhe," akasema. "Yaishe. Mimi sitasema."

Nilitaka kuupiga mlango teke. Mwanamume amevunja arusi mbili kwa taa na mnazi, na ya tatu anaitoa zawadi! Bi Mboni alinikamata kanga kwa nyuma kama anavyokamatwa mbuzi. Na wakati huo huo, Mungu anajua, sikuwahi kumpenda kama dakika ile, jambo ambalo liliniongezea hasira.

Baba akavaa kofia.

"Na Mwenyezi Mungu, naye utamnyamazisha?" akasema. "Siku ya shaka haifungwi. Watu wako na njaa kwa ajili yangu." Akatoka. Hatibu akamfuata mbio, akimwomba.

Kombo akabaki peke yake ukumbini. Akausogelea mlango.

"Mwamvua, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Wameuona kweli. Wote wanne. Ulitoka upande wa Usambara ukaelekea baharini, sawasawa na hesabu."

"Nenda ukaoge, Kombo," nikamwambia. "Unaoa leo."

Baba alitangaza msikitini yeye mwenyewe. Alisema amepokea ushahidi wa mtu asiyemwona wala kumwuliza jina, kwamba aliyekosea ni yeye, na watu wafungue. Hakumtaja Hatibu, hakumtaja Kombo. Lakini Hatibu alikuwa na duka, na duka lina mdomo. Kufika adhuhuri mtaa wote ulikuwa na habari ya mwezi wa Mrusi. Vijana walipita chini ya dirisha langu wakiulizana kwa sauti, "Leo umeandama wa nani, wa Mmarekani?" Wazee waliomheshimu baba miaka yote walikuja kula pilau ya vunjajungu, ya mwisho kabla ya mfungo, na nilisikia jinsi walivyokuwa wakinong'ona na kunyamaza kila baba alipopita na birika la kunawisha mikono. Nilitamani kuwarukia kupitia dirishani. Bi Mboni alinimalizia mkono wa kulia haraka haraka, maua yakaja makubwa na mabaya.

Alasiri baba alikuja kuchukua ridhaa yangu. Alisimama nje ya pazia na mashahidi wawili nyuma yake. Hakuwa amekula kitu tangu daku, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mwamvua, umeridhia nikuoze kwa Kombo bin Mwinyimvua, kwa mahari tuliyopatana?"

Bi Mboni alinibana paja ninyamaze, maana kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake, na mwari mwenye adabu hajibu. Nyumba nzima ilikuwa inangojea kile kimya ipige vigelegele. Nilikuwa nimekingoja mwaka na zaidi, na sikuweza kunyamaza.

"Baba," nikasema, "na wewe umeridhia?"

Shahidi mmoja akakohoa. Haijapata kusikika, mwari kumwuliza walii wake. Barazani mtu alicheka, labda kwa jambo jingine. Niliuona upindo wa kanzu ya baba chini ya pazia, na vidole vya miguu yake, na haukujongea wala havikujongea. Nilingoja. Kimya cha mwari kila mtu anajua maana yake. Cha baba, hakuna aliyenifundisha.

"Nimeridhia, baba," nikasema kwa sauti kubwa, ili asilazimike kujibu.