Sukari Baada ya Mimba

Mimi nikikasirika sisemi, napiga mayai. Asubuhi ile nilipiga ya keki tatu bila kupumzika, kwa sababu mama mkwe alikuwa ametoa amri: hakuna kwenda kliniki, kuna keki ya harusi.

"Sukari ya mimba imetoka na mimba," alisema, kijiko cha krimu mdomoni. Duka la keki ni lake, na mizani haiamini; kila bakuli la krimu lazima lipite ulimini. Nilipokuwa mjamzito nilikataa kuonja, akaniita Bibi Daktari mbele ya wateja. Sasa nimejifungua binti, mzima, ana sauti ya king'ora, na mama anataka nirudi kwenye kijiko.

"Muuguzi kasema nipimwe tena," nikamwambia. "Ikishakupata kwenye mimba, inaweza kurudi ikakaa moja kwa moja. Na mtoto naye tumwangalie anavyokua, asije akaipata ukubwani."

"Usimtabirie mjukuu wangu mabaya!"

Loo! Damu ilinichemka. Nikavua aproni, nikambeba mwanangu, nikaondoka.

Niliporudi alikuwa amenuna. "Haya, Bibi Daktari, wamesemaje?"

"Imepanda kidogo. Si kisukari bado, ila nipo mlangoni. Na siingii ng'o, mama. Huyu nitamlea mwenyewe mpaka anichoke. Krimu sionji tena."

Nilisubiri matusi. Badala yake akakaa juu ya gunia la unga.

"Mumeo nilimzaa na kilo tano na nusu," alisema taratibu. "Watu walikuja kumtazama, wakanipongeza weee! Hakuna aliyenipima kitu." Akavua viatu. "Siku hizi nyayo zinawaka moto. Nilidhani ni kusimama."

Hasira ikaniisha palepale, nikaogopa: muuguzi alishaniambia kuwa mtoto mkubwa kupita kiasi na nyayo kuwaka moto huweza kuwa dalili za sukari.

Kesho yake tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki, matumbo matupu. Mama alitobolewa kidole bila kulalamika. Muuguzi akasoma kipimo, akamtoboa kidole kingine, akasoma tena. Kisha akavuta kiti, akakaa.

Mama akanikamata mkono hadi ukauma. Sikuutoa.

"Tuambie tu, dada, tunaanzia wapi," nilimwambia muuguzi. "Na jioni usifunge mapema. Yule wa kilo tano na nusu namleta mwenyewe, hata kwa kumburuta."