Kipande cha Kulima

"Lala tena, mzee," alisema Hezekia. "Safari hii fungua mdomo kidogo. Na mkono uachie, usiubane hivyo kama uko kanisani."

Makarius akalala tena kwenye mkeka, chini ya kihenge cha watu. Akafumba macho, akafungua mdomo. Nzi akatua kwenye mdomo wa chini, naye akajikaza asimfukuze, kwa sababu jana alimfukuza na filamu ikaharibika bure. Lakini kulala mchana hakukuwa kazi aliyoizoea. Vidole vya miguu vilimsaliti. Vilichezacheza kama vya mtu anayengoja zamu yake kisimani.

"Vidole!" Hezekia akapiga kelele. "Mzee, wewe ni kupe. Kupe ameshiba. Kupe hana haraka."

Nyuma ya kamera kijiji kizima kikacheka. Kucheka kulikuwa bure, na mwaka ule vitu vya bure havikuwa vingi.

Wazo la sinema yenyewe lilizaliwa mbali na Munisagara, kwenye ofisi moja ya Dar es Salaam ambayo sakafu yake haikuwahi kuona tope. Mkubwa mmoja alisema wananchi wa vijijini wafundishwe kwa picha ubaya wa kula jasho la wenzao. Hezekia, mwongozaji aliyerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya na kofia yake ya bapa, akaandika kisa. Mvivu mmoja ananyonya kijiji. Wanakijiji wanamfukuza. Anazurura, anakonda, anarudi, anatubu, anashika jembe, anapokelewa kwa ngoma. Kisa kilikuwa na mwanzo na mwisho mzuri. Kilichokosekana ni kupe.

Mwenyekiti wa kijiji alipoitisha mkutano kumtafuta, kila mtu aligundua kwamba mgongo unamuuma. Nani akubali kuitwa kupe mbele ya wakwe zake? Wenyeji walitazamana, kisha taratibu macho yakamwendea Makarius. Yeye alishushwa hapo na lori la Operesheni Vijiji kutoka milimani, pamoja na binti yake Lea, vyungu viwili vitatu vya marehemu mkewe, na mlango wa nyumba aliyoiacha haina mlango. Hakuwa na shangazi hapo wala binamu wa kumsemea. Mtu asiye na ukoo ni rahisi kupewa kazi.

Mvivu hakuwa. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye hakuna aliyelisema. Alilima shamba la kijiji asubuhi na lake jioni, na wenzake walipokaa kivulini kunywa uji yeye alikuwa angali anamalizia tuta.

"Huyo mtu, mwisho wake unakuwaje?" aliuliza siku ile mkutanoni.

"Mwisho analima, mzee," Hezekia akamwambia. "Analima kuliko wote."

Kwa hilo tu akakubali. Alikuwa na sababu yake. Lea alikuwa ameposwa na Gabrieli, kijana wa kijiji cha Zombo anayetengeneza baiskeli, na ilibaki kupanga siku ya ndoa. Makarius hakuwa na ng'ombe wa kuwaonyesha wakwe wala ndugu wa kujaza uwanja. Akawaza: watauona mkono wangu ukishika jembe, waone binti wanamchukua kwa mtu wa namna gani.

Siku ya kwanza ya kupiga picha aliambiwa aingie shambani kwa Mwanakheri, jirani yake, na panga mkononi, ajifanye anaiba ndizi. Akaingia. Akanyata. Akainua panga mbele ya mgomba. Hezekia alipoona inatosha, akapaza sauti: "Kata!"

Makarius akakata.

Mgomba ulianguka na mkungu wake ambao haukuwa umekomaa. Mwanakheri akashika kichwa. "Jamani! Mgomba wangu!"

"Nimeambiwa kata, dada," Makarius akasema, panga likining'inia.

Ikabidi Hezekia aeleze, huku akifuta machozi ya kicheko, kwamba neno hilo ni la mpiga picha, maana yake kamera isimame. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanakheri peke yake ndiye hakucheka, na aliposema, alisema kwa sauti ya kusikika hadi relini: "Mnahangaika kumfundisha ya nini? Huyu kazaliwa nao ukupe."

Basi hapo ndipo jina liliposhika. Watoto wa shule wakimwona njiani walikuwa wanapiga kelele "Kata!" na kukimbia, naye alicheka nao. Alidhani ni utani wa wenyeji, na mgeni akitaniwa ujue amekubaliwa.

Wiki hiyo wakapiga picha ya kufukuzwa. Wanakijiji walitakiwa kujifanya wamekasirika, wamkimbize kwa mipini ya majembe hadi kwenye reli. Wengi walijifanya. Wachache hawakujifanya, na mpini mmoja ukampata begani, akapiga magoti kwenye kokoto.

"Safi sana!" Hezekia akasema. "Hiyo hiyo. Turudie."

Wakarudia, na mpini ukampata begani pale pale.

Kipande cha mwisho kilipigwa alfajiri, shambani kwake mwenyewe, ng'ambo ya migomba, karibu na mto Mkondoa. Hakukuwa na wa kucheka, walikuwa bado wamelala. Makarius alivua shati. Bega lilikuwa limevimba, lakini alipoinua jembe aliisahau kamera, akamsahau kupe, akasahau kwamba kuna mtu anaitwa Hezekia. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni na udongo mweusi uligeuka nyuma yake tuta baada ya tuta. Hezekia alisahau kusema kata. Filamu ilikwisha yenyewe ndani ya kamera, ikaanza kupiga kelele.

"Mzee," alisema baadaye, kofia mkononi, "hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote."

Wakaondoka. Sinema haikurudi haraka. Masika yakapita, mahindi yakavunwa, na Makarius akaendelea kuwa Kupe. Kwenye mgawo wa mavuno, aliponyoosha gunia lake, karani wa ghala alimwuliza kwa sauti kama kupe naye siku hizi anakula mahindi au bado anakunywa damu. Foleni nzima ikacheka. Makarius naye akacheka, akasema: "Ngojeni mwisho. Mwisho mtaona." Lea, aliyeshika upande wa pili wa gunia, hakucheka. Kila alipotaniwa jibu lake lilikuwa hilo hilo, mpaka hata jibu likawa utani. Mtu akichelewa kazini wenzake walimwambia, "Ngojeni mwisho!"

Huko Dar es Salaam, Hezekia alikaa kwenye chumba cha giza akiunga vipande. Kile cha alfajiri alikiweka mwishoni kabisa, akakitazama mara nyingi peke yake. Kisha yule mkubwa akaja kukagua. Alitazama yote akiwa amekunja mikono.

"Hapa mwishoni ondoa," akasema. "Kupe akitubu, watu watamhurumia. Tunafundisha kuchukia unyonyaji, hatufundishi huruma. Aishie kufukuzwa."

Hezekia alikuwa na mengi ya kusema, na alikuwa na ahadi ya kupelekwa masomoni tena. Akachukua mkasi. Kipande cha kulima kikaangukia kwenye kapu la takataka, kimejikunja, na asubuhi mfagiaji akakitoa pamoja na vichungi vya sigara.

Gari la sinema lilifika Munisagara siku ya Jumamosi. Ni siku hiyo hiyo Makarius aliyowaalika wakwe. Hakuna aliyemlazimisha. Alipopata habari kwamba gari linakuja alituma salamu Zombo kwamba waje wapange siku ya ndoa, halafu jioni watazame sinema pamoja. Akaja Cornel, mjomba wa Gabrieli, ndiye mshenga, na mzee mwingine mmoja, na Gabrieli mwenyewe na baiskeli yake inayong'aa.

"Shikamoo, mjomba," Lea akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Wakala wali na kuku. Siku ikapangwa: baada ya kuvuna mpunga. Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba Makarius hakuweza kukaa kitini. Alitoka ndani na jembe lake, amelitia mpini mpya.

"Hili ndilo lililopigwa picha," alimwambia Cornel. "Mtaliona mwishoni."

Akalibeba hadi uwanjani. Fikiria mtu anakwenda sinema na jembe begani! Watu walimwona, wakaanza kucheka kabla hata jua halijatua.

Shuka jeupe lilitundikwa kwenye goli la uwanja wa shule. Mtambo ukaungurumishwa, na picha zikatokea. Kijiji kilijiona, kikapiga mayowe: yule pale mwenyekiti, yule pale Mwanakheri, mbuzi wa nani yule! Kisha akatokea Makarius amelala, mdomo wazi, mkubwa kuliko nyumba. Kelele zilizopigwa hapo ziliwaamsha watoto mgongoni. Akaiba, akanywa pombe ya wengine, akajikuna tumbo. Cornel alikuwa anacheka pia, kwa adabu. Makarius akamgusa goti: "Bado. Ngojeni mwisho."

Wakamfukuza. Mpini ukampata begani na uwanja mzima ukashangilia kama goli limeingia. Mtu wa kwenye shuka akapiga magoti kwenye kokoto, akainuka, akaishika reli, akaenda, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi. Sauti nzito ikasema kutoka kwenye kipaza sauti: "Kupe hana nafasi katika kijiji chetu!" Muziki. Kisha shuka likabaki jeupe.

Makarius alikuwa bado amekaa, ametabasamu, anangoja.

Baadaye akamfuata mwenye mtambo, kijana aliyekuwa anarudisha filamu kwenye gurudumu lake. "Bado kipande kimoja."

"Hakuna kingine, mzee. Ndiyo mwisho."

"Nililima. Alfajiri. Nilivua shati."

Kijana alimtazama, akamtambua, akazuia kicheko. "Kama ulilima, basi palikatwa."

Alipogeuka, Cornel alikuwa amesimama nyuma yake. Gabrieli alikuwa pembeni anaikagua pampu ya baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Mzee Makarius," Cornel akasema kwa sauti ya chini, "mimi si mtoto. Najua yale ni maigizo."

"Basi namshukuru Mungu."

"Lakini gari hili kesho liko Zombo. Baiskeli za Zombo zote zinatengenezwa na huyu kijana. Unataka aitwe mkwe wa Kupe? Watoto wake waitwe nani?"

"Kipo kipande ambacho hakikuonyeshwa, ndugu yangu."

"Hicho ambacho hakikuonyeshwa," Cornel akauliza, "watu wa Zombo watakionaje?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. Akamshika mkono, akamwomba radhi kwa usumbufu na kwa kuku, kisha wageni wakaondoka wakikokota baiskeli. Gabrieli hakumtazama Lea. Lea alikuwa amekaa majanini, na khanga mpya aliyovalishwa kwa ajili ya wageni, na alikuwa amesikia kila neno.

Taa ya mtambo ilikuwa bado inawaka. Makarius akalichukua jembe lake, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya shuka, ndani ya ule mwanga. Akavua shati. Akaanza kulima.

Uwanja wa mpira haukuwahi kulimwa. Jembe liligonga na kurudi, liligonga na kurudi, na nyuma yake kivuli kikubwa kililima pia. Kisha mtu mmoja akasema, "Kupe anatubu!" na kicheko kikalipuka. "Kata!" akapiga kelele Mwanakheri. "Kata!" wakaitikia watoto. "Kata! Kata!" uwanja mzima ukaimba, watu wakipiga makofi kwa mpigo wa jembe, na yeye hakuinua uso, alilima.

Mwenye mtambo akazima taa. Alikuwa na safari.

Walichoka kucheka, wakaenda zao. Shuka likakunjwa, gari likaondoka. Mwenyekiti alipita karibu, akasita, kisha akakumbuka nyumbani kuna mambo. Lea hakuondoka pale alipokaa. Hakumwita baba yake wala hakulia. Alisikiliza jembe gizani.

Treni ya mizigo ikaja kutoka upande wa Kilosa. Ilipokata kona, taa yake ilifagia uwanja na kukaa kidogo juu ya ukuta wa shule uliopakwa chokaa. Mtu akatokea ukutani, mkubwa, bila shati, jembe limeinuliwa juu. Lea akanyoosha shingo aone. Jembe lilianza kushuka, na treni ikapita na taa yake.