Miezi Niliyoipunguza

Nyinyi mnaopunguza miezi ya mimba za watoto wenu kwa kuogopa jicho la watu, someni haya. Miye Kazija wa Mtambile nilipunguza.

Mwanangu Asma alipopata mimba ya kwanza, nilimwambia akiulizwa aseme nusu. Jirani yangu Bi Mwanapili alimtazama siku tukichambua karafuu, akacheka.

"Miwili, na kanga ishakuwa fupi? Basi huyo tembo."

"Miwili, shoga. Mtoto wangu anapenda kula," nikasema.

Asma kasoma madrasa kunishinda. Alikuwa akihesabu siku: arubaini tone, arubaini pande la damu, arubaini pande la nyama. Siku ya mia na ishirini ilipotimia alinifuata jikoni. "Mama, sasa malaika anakuja kumpuliza roho."

"Nyamaza, watakusikia," nikamwambia. Hilo ndilo jibu nililompa.

Baada ya siku kumi na tatu mimba ikatoka, asubuhi, kabla hata gari ya kumpeleka hospitali haijapatikana. Nilimpokea miye. Kijana mwanamume. Vidole vyote anavyo. Nikamfunga haraka kwenye kitambaa cheupe kabla mtu hajaingia.

Bi Mwanapili akaja, na Shehe Nyange anayesomesha madrasa yetu akasimama mlangoni.

"Poleni, Bi Kazija. Ilikuwa na muda gani?"

Bi Mwanapili ananitazama. Ningesema minne na siku zake, angejua nimemdanganya msimu mzima. Nikaona haya.

"Miwili na kidogo, Shehe. Pande la damu tu."

"Kama ni hivyo, hajapulizwa roho. Hakuna kuosha wala kukafini. Mstirini, mumzike popote palipo safi."

Asma alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Hakusema kitu, maana miye ndiye niliyemkataza kusema. Mume wangu akachimba nyuma ya nyumba, penye migomba, na mjukuu wangu akaingia ardhini bila kuoshwa, bila sanda, bila jina.

Siku ya arubaini nilikwenda kwa Shehe nikamweleza yote.

"Bi Kazija, ulimuona vidole?"

"Nilimuona."

"Ungeniambia, tungemuosha, tukamkafini, tukamlaza na wazee wake." Akafuta uso. "Kumfukua sasa hatumfukui. Tubu kwa Mola wako. Kisha kamwombe radhi mama yake, na mwambie ampe jina."

Nikarudi. Asma alikuwa ameinama penye migomba, anang'oa majani. Alikuwa keshapapanga mawe kuzunguka, madogo madogo. Nikamwomba radhi, nikamwambia maneno ya Shehe.

"Jina analo, mama," akasema. "Nilimpa siku ile ulipokuwa jikoni."

"Nani, mwanangu?"

Akaendelea kung'oa majani.

"Si uliniambia ninyamaze."

Mpaka leo hajaniambia. Nikimwombea mjukuu wangu, nasema tu mtoto wa Asma.