Jani la Chini ya Kovu

Kaka yangu alifariki mwezi wa pili, siku ya Jumanne, akiwa juu ya ngazi kwenye banda la viwavi wa hariri. Moyo ulisimama tu. Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau mambo yake, na hili moja sitaki lipotee, hata kama linaniaibisha.

Wenzake kwenye kituo cha utafiti wa hariri walimwita Kiwavi. Kazi yake ilikuwa kuzalisha miforosadi mipya, maana viwavi wa hariri hawali kitu kingine ila majani ya mti huo. Yeye naye hakuwahi kupita chini ya mforosadi wenye matunda akaondoka bila midomo ya zambarau. Wakimtania, aliwajibu, "Kiwavi akila anatoa hariri. Ninyi mnakula mnatoa nini?" Mimi nilikuwa mchuma sampuli hapohapo kituoni. Yeye ndiye aliyeniombea kazi nilipomaliza kidato cha nne.

Miaka miwili kabla ya kifo chake alichavusha mti wenye majani mengi kwa chavua ya mforosadi wa porini usioshikwa na ukungu mweupe. Akapata miche kumi na miwili. Hakuwa na subira ya kungoja ikue, kwa hiyo alikata kijiti kwa kila mche akakibebesha kwenye mashina ya zamani, yote ya aina moja. Pale kijiti kilipoungana na shina pakabaki kovu, usawa wa paja langu. Juu ya kovu ni mti wake mpya, chini ya kovu ni mti wa zamani. Ile miche ya mwanzo ilikauka pampu ilipoharibika. Ikabaki hiyo kumi na miwili ya kubebesha.

Wiki tatu baada ya mazishi, mkuu wa maabara alinituma nikachume majani ya miti hiyo. Alikuwa mama mkali mwenye miwani ya kamba, na kwa siri tulimwita Mama Mistari. Alikuwa anatafuta alama kwenye vinasaba vya miti, alama inayoonyesha mapema mti upi utauhimili ukungu, ili watu wasipoteze miaka wakingoja kuona. Jani linasagwa, maji yake yanapitishwa kwenye jeli yenye umeme, kisha chini ya taa inaonekana mistari inayong'aa. Mti wenye alama una mstari mmoja wa ziada.

Kanuni ilikuwa kuchuma jani changa la juu. Nilifika kwenye mti wa kwanza, nikainua macho, nikauona mwandiko wake. Kaka alikuwa amefunga kibao kwenye tawi la kila mti, na kila namba aliipigia mstari chini mara mbili kama mtoto wa shule. Sikuweza kuutazama. Nikapiga magoti. Chini kabisa shina lilikuwa limechipua majani machanga, laini, mazuri. Nikachuma hayo. Namba nikazisoma kwenye vigingi vya ardhini. Kwenye fomu, palipouliza jani limetoka wapi, niliandika "juu" mara kumi na mbili, nikatia sahihi. Kovu halikunijia akilini hata kidogo. Nilichotaka ni kutoinua macho tu.

Majibu yalisomwa Alhamisi, kwenye chumba cha mikutano chenye feni inayolia. Mama Mistari aliweka picha mezani.

"Hakuna hata mmoja wenye alama," alisema. "Hilo ningelielewa. Lakini tazameni. Yote kumi na miwili imefanana kama mapacha. Watoto wa mbegu hawafanani hivi."

"Maana yake nini?" msimamizi wa shamba aliuliza.

"Maana yake hakuna uchavushaji uliofanyika. Amekata vijiti vya mti mmoja, akavibebesha, akatuandikia ripoti." Alinitupia jicho, kisha akaliondoa. "Nasikitika, binti. Marehemu hasemwi vibaya. Ila miti haisemi uongo."

Hapo ndipo nililiona kovu, na majani niliyochuma chini yake, kama vile vilikuwa vimechorwa ukutani. Nilijua ni lazima niseme wakati uleule, na nilijua pia nikisema nimekwisha, maana sahihi yangu ilikuwa kwenye fomu na nyumbani mama alikuwa akinitegemea mimi tu sasa. Msimamizi akasema shamba linahitajika, na miti inayobeba ukungu haiachwi, itang'olewa kesho na kuchomwa. Watu wakakusanya makaratasi. Nikakusanya na mimi.

Asubuhi nilifika shambani. Mng'oa visiki, bonge la mtu aliyeitwa Winchi, alishatoa miti saba. Kwenye shimo la kuchomea moshi ulikuwa unapanda.

"Dada, umekuja kunisaidia au kunisimamia?" alisema. "Kama ni kusimamia, wasimamizi tunao wa kutosha. Tunachokosa ni chai."

"Simama kidogo. Usichimbe."

"Nisimame? Nina karatasi ya msimamizi mfukoni. Wewe karatasi yako iko wapi?"

"Sina. Ila majani niliyochuma mimi siyo ya miti hii."

Alinitazama. Nikamwonyesha mti wa nane tangu mwanzo wa mstari, uliokuwa bado umesimama. Majani ya chini yalikuwa yamepasuka kama vidole vya mkono. Ya juu ya kovu yalikuwa mazima, mapana, ya kijani kingine kabisa. Hata kipofu angeyatofautisha kwa kupapasa.

"Haya," Winchi alisema polepole, akachomeka jembe ardhini. "Kiwavi alinitibia mguu mwaka juzi. Nakupa nusu saa. Mimi nakwenda kuugua tumbo. Lakini ule moto hauna breki, dada."

Nilikimbilia shimoni kwanza. Miti minne ilikuwa katikati ya moto, majani yamekwisha, vibao vimekuwa majivu. Mitatu ilikuwa pembeni, imeanza kunyauka kwa joto. Niliivuta mmoja mmoja kwa matawi. Nywele za mkono ziliungua, sikuhisi chochote.

Kisha maabara. Korido ya kule ina milango sita, na katika kila mlango niliwaza kugeuka. Mama Mistari alikuwa anavaa glovu.

"Mama, nilichuma chini ya kovu."

"Umesema?"

"Majani ya ile miti. Yote niliyachuma chini. Uliyopima ni mashina ya zamani, ndiyo maana yamefanana. Kaka hakudanganya. Niliyedanganya ni mimi."

Alifungua jalada, akaitoa fomu, akaishika mbele ya uso wangu. "Huu mwandiko wa nani? Juu, juu, juu, juu."

"Wangu."

"Na jana ulikaa pale ukanisikia namwita kaka yako mwongo."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, wewe ni mtu wa namna gani?"

Swali hilo najiuliza mpaka leo. Alivua glovu, akachukua boksi la barafu na kwenda shambani mwenyewe. Mimi nilimfuata nyuma bila kuruhusiwa kugusa jani.

Upimaji ulichukua siku mbili. Hizo siku ndizo zilizonitisha kuliko moto. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kufukuzwa. Sasa nilianza kumwogopa kaka mwenyewe. Je, kama kweli alidanganya? Alikuwa mtu wa haraka, asiyependa kungoja, na ile miche niliwahi kuiona mara moja tu. Kosa langu likirekebishwa, yeye atabaki bila pa kujificha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwanika. Nyumbani mama aliniuliza mbona sili. Nikamwambia jino.

Jumatatu Mama Mistari aliniita kwenye chumba cha giza. Aliwasha taa. Nilifumba macho, akanigusa bega nikayafumbua.

Mistari ilikuwa tofauti. Miti minane, na kila mmoja na mpangilio wake, kama ndugu wa tumbo moja wasiofanana sura. Mitatu ilikuwa na mstari wa ziada, na mmoja wa hiyo ni kati ya ile niliyoitoa pembeni ya moto. Mama Mistari alisema ripoti ya kaka itarudishwa kwenye jalada na jina lake. Halafu akasema barua yangu ya onyo kali imeshakwenda kwa msimamizi, na kwamba sitachuma sampuli tena. Nilimshukuru kwa yote mawili. Siku hizi naosha trei za viwavi.

Miti iliyoungua hatutaijua kamwe. Inawezekana mmoja kati ya hiyo ulikuwa bora kuliko yote. Ilikuwa namba mbili, namba tatu, namba tano na namba saba. Naziandika hapa kwa mkono wangu, na safari hii ni kweli.