Mashine Zilizokataa Wazee

Mvua ya Kibondo ikianza haimuulizi mtu kama ana kikohozi. Bibi Immakulata alikuwa nacho, na bado alikuwa amesimama nje ya dirisha la ofisi ya shirika la wakimbizi, kitenge kimemlowa mabegani, yeye na wazee wenzake, wamefukuzwa kutoka ndani kama kuku walioingia jikoni.

Walifukuzwa kwa sababu ya mashine.

Ofisi ile ilikuwa na kompyuta nne za zamani zilizopangwa kufuata ukuta. Waya mmoja mweusi ulizipitia zote, moja baada ya nyingine, ukaishia kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma, yenye majina ya wakimbizi wote wa upande huo. Karani akitaka jina, analiomba kupitia waya ule. Basi tangu masika yaanze, waya ukaota tabia mbaya. Unafanya kazi vizuri, halafu ghafla kimya. Vioo vya kompyuta vinaganda, jina linabaki nusu, karani anashika kichwa na kusema mtandao umekatika. Watu wanaambiwa watoke nje wasubiri. Wakishatoka tu, mtandao unarudi.

Hapo ndipo Bwana Ildefonsi, mkuu wa ofisi, alipoona amepata jibu. "Mashine haziwawezi watu hawa," alisema. "Wanaingia na vumbi, na unyevu, na hayo manguo yao ya mitumba. Wazee ndio zaidi. Angalieni wenyewe: akiingia mzee, mtandao chini." Akatoa amri kwamba kuanzia siku ile mkimbizi asivuke mlango, kila mtu asemee dirishani. Na kweli, tangu amri ile mtandao haukukatika tena. Bwana Ildefonsi akawa anatembea kifua mbele kama mtu aliyegundua dawa ya malaria.

Bibi Immakulata hakuwa na ugomvi na mashine. Alikuwa na mjukuu. Divine, mtoto wa marehemu binti yake, alimponyoka mkononi siku ile ya kukimbia Burundi, watu walipokanyagana kwenye kivuko cha mto. Alimtafuta mpaka sauti ikamkauka. Mwaka huo wa tisini na saba ndipo mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Titye alipomletea habari: mtoto yu hai, yuko kambini upande wa Kasulu, analelewa na mama mmoja aitwaye Maximilla. Mama huyo ana watoto wake wengi, lakini alisogea kwenye mkeka akampa Divine nafasi. Bibi hakuwahi kumwona Maximilla, lakini kila jioni alimtaja katika sala kabla ya kujitaja mwenyewe.

Lori la kuwarudisha watoto kwa ndugu zao lilikuwa litoke Kasulu siku ya Ijumaa. Pasikali, dereva wa ofisi, alipaswa kuondoka adhuhuri ya siku hiyo na karatasi yenye majina yao. Mtoto asiyekuwemo angesubiri barabara ikauke, na hakuna aliyejua itakauka lini.

Jina la Divine halikuwemo. Jana yake karani aliita, "Immakulata! Immakulata wa Divine!" lakini aliita kupitia dirisha dogo lenye nondo, na mvua ilikuwa ikipiga bati kama kokoto. Masikio ya bibi yalikuwa yameshachoka. Hakusikia. Karani akadhani hayupo, akaita mwingine. Kama angekuwa ndani, angesikia. Hilo ndilo lililomkereketa. Alilala nalo, akaamka nalo, akaja nalo asubuhi.

Saa tatu likafika gari kutoka Kasulu, matope mpaka madirishani. Akashuka mwanamke mwenye ushungi wa bluu na mkoba wa vifaa vya ufundi begani. Huyu ndiye Siti, binti wa mwenye duka wa Kasulu mjini, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam. Alikuwa ameitwa kabla ya ile amri kutolewa, barabara ndiyo iliyomchelewesha. Alipowaona wazee akasimama palepale mvuani.

"Shikamooni bibi zangu, babu zangu. Mbona mnanyeshewa na ofisi ina bati?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Immakulata. "Sisi tunaumiza mashine."

"Mnaumiza nini?"

"Mashine. Zikituona zinazimia."

Siti alimtazama kuona kama anatania. Bibi hakuwa anatania. Siti akatoa kipande cha nailoni garini, akawafunika bibi na mzee Niyomwungere aliyekuwa karibu naye, ndipo akaingia ndani. Bibi aliuweka wema huo moyoni, kwa kuwa siku zile wema ulikuwa haba pale dirishani.

Kupitia nondo aliona yote. Siti alifungua vizibo vya miisho ya waya, akaviangalia, akaweka vingine. Akapima waya kwa mita. Akaugawa mafungu mawili, akajaribu fungu hili, akajaribu fungu lile. Akaunganisha tena, akasubiri mikono kiunoni. Kompyuta zote nne zilifanya kazi vizuri kabisa.

"Nimekwambia," alisema Bwana Ildefonsi. "Watu hawapo, ugonjwa haupo. Andika hivyo urudi Kasulu, tusipotezeane muda."

"Homa ikitulia haina maana mgonjwa amepona," Siti alisema. "Nataka chumba kiwe kama siku ilipokuwa inakatika. Waingize watu."

"Hawaingii."

"Sasa nitaujuaje ugonjwa, nao unajificha?"

"Ugonjwa si umewaona hapo nje? Wamejipanga dirishani!"

Maneno hayo Bibi Immakulata aliyasikia vizuri. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, kana kwamba nayo ilitaka ayasikie.

Alikuwa mtu mpole. Amelea watoto wa kwake na wa jirani bila kumpiga hata mmoja. Lakini damu ilimpanda mpaka kwenye masikio. Alimrudishia Niyomwungere nailoni yote, akazunguka jengo, akasukuma mlango, akaingia na matope yake.

"Wewe mama! Unakwenda wapi?"

"Nimekuja kuiona hiyo mashine inayonichukia," alisema. "Iko wapi? Inioneshe ubaya wangu."

Bwana Ildefonsi akanyoosha kidole kwenye vioo. "Angalieni sasa! Angalieni!"

Wote wakaangalia. Vioo viliendelea kuwaka. Herufi ziliendelea kupita. Bibi akasogea karibu, akaikoholea kabisa kompyuta ya kwanza, kikohozi kirefu cha siku nyingi. Haikutikisika.

"Imezoea haraka," alisema Siti, akafunika mdomo kwa ushungi.

Karani alikuwa kijana wa Kiha kutoka Murungu, jina lake Venanti. Muda wote huo aliinamisha uso kwa aibu. Kwao, kama kwa Warundi, mzee hasemeshwi akiwa wima na wewe umeketi, na tangu amri itolewe alikuwa akiwasemesha wazee wakiwa wima tena mvuani. Alipoona bibi bado amesimama mbele yake alisahau kumtazama mkubwa wake. Aliinuka, akakivuta kiti chake nyuma mpaka ukutani ili bibi apate pa kuegemea, kama alivyowafanyia wazee siku zote kabla ya amri. "Keti, mukecuru," alisema, yaani bibi kwa lugha ya kwao. "Nieleze jina la mtoto." Mwenyewe akarudi mezani, akainama kuandika kama mtu anayepalilia.

"Divine," alisema bibi, akaketi.

Vioo vyote vinne vikaganda.

"Haya!" Bwana Ildefonsi alipiga kelele, akakaribia kuruka kwa furaha. "Haya! Nilisema nini mimi?"

"Bibi, usiinuke," alisema Siti. Alikuwa ameshapiga magoti, shavu karibu na sakafu, tochi mkononi, anafuata mguu wa kiti. "Sasa inuka kidogo."

Bibi akainuka. Venanti akabonyeza, herufi zikarudi.

"Keti."

Zikaganda.

"Inuka. Keti tena. Samahani, bibi yangu."

"Mmenigeuza swichi," alisema bibi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile watu wakacheka, hata wale wa dirishani.

Siti akasimama, akapangusa magoti. "Waya huu unapita chini ya ukuta hapa, na kuna kiungo nyuma ya kiti. Ndani ya kiungo waya umelegea. Kiti kikisukumwa ukutani na mtu akakikalia, mguu unakanyaga waya, unaachana. Akiinuka, unashikana. Na kwa kuwa waya ni mmoja, ukiachana hapa kompyuta zote zinapoteana. Venanti anakaa huku mezani, ndiyo maana yeye hakati. Vijana wanasimama, ndiyo maana hawakati. Wanaopewa kiti ni wazee. Halafu ninyi mnasema mtandao umekatika, mnawainua muwatoe nje, nao unarudi. Mita yangu isingeona hilo chumba kikiwa kitupu."

"Kwa hiyo ni wazee," alisema Bwana Ildefonsi.

"Ni waya uliolegea."

"Unaokatwa na wazee." Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa aibu. Alikuwa kama mtu aliyekuta mlango umefungwa, anatafuta dirisha. "Venanti, marufuku kumpa mtu kiti. Ofisi hii si kilabu cha pombe. Na wewe mama, inuka urudi dirishani tuendelee na kazi."

Huko nje Pasikali alipiga honi. Adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Bibi Immakulata akaweka mikono miwili juu ya magoti. "Siinuki," alisema.

"Unasemaje?"

"Ulisema mashine zinatukataa, tukatoka. Ulisema tuna uchafu, tukanyamaza. Sasa binti huyu amekuonesha kosa ni la waya wako, na bado wa kurudi mvuani ni mimi? Kosa la kijana huyu ni lipi? Ameniona mtu. Unamkataza kuniona mtu?"

"Mama, kazi imesimama!"

"Naona. Nimeikalia."

Bwana Ildefonsi akamgeukia Siti. "Rekebisha huo waya!"

"Nitaurekebisha bibi akiinuka," Siti alijibu taratibu. "Mimi sikulelewa kumvuta mzee kitini."

Venanti akainama sikioni mwa bibi. "Mukecuru," alinong'ona, "na jina la Divine nalo limeganda. Nilikuwa nimeandika nusu."

Alijua. Kabla hajaambiwa, bibi alikuwa ameshajua. Alimwona mtoto amesimama kando ya lori, wenzake wanapanda. Alimwona Maximilla akimshika mkono amrudishe kwenye mkeka ule uliojaa. Akainuka nusu. Vioo vikapepesa.

Kutoka dirishani ikaja sauti ya mzee Niyomwungere, mwenye magoti mabovu kuliko wote, na mwenye mjukuu wake anayesubiri lori hilohilo. "Keti, Immakulata! Keti na kwa ajili ya magoti yangu!"

Akaketi tena. Akamgeukia Bwana Ildefonsi. "Bwana mkubwa, karatasi unaitaka wewe, na mimi naitaka kuliko wewe. Mtoto wangu yumo ndani ya waya huu. Lakini nikiinuka hivihivi, kesho huyu mzee ataitwa jina lake asisikie, kama mimi jana. Waambie wazee waingie, nami nitainuka. Si mimi wa kuniambia. Mimi nimeshaingia. Waambie wao."

Honi ikalia tena, ndefu. Pasikali akachungulia mlangoni. "Mkuu, nikichelewa mlima ule utateleza nilale njiani! Nipeni karatasi au niondoke bila karatasi!"

Bwana Ildefonsi alimtazama bibi, akatazama vioo, akatazama saa. Kama alikuwa na aibu, hakuna aliyeiona. Kilichomsukuma ni honi. Alikwenda dirishani na miguu mizito, akasema kwa haraka, kama mtu anayetema mbegu, "Haya, ingieni. Wazee wote. Ingieni."

"Hawajasikia," alisema bibi. "Mvua."

Akarudia kwa sauti kubwa.

Bibi Immakulata akainuka mara moja, haraka kuliko mwili wake ulivyopenda, akakisogeza kiti mbali na ukuta kwa mikono yake mwenyewe. "Andika, mwanangu. Andika haraka."

Herufi zikarudi. Venanti akaandika jina la Divine, akaliandika la mjukuu wa Niyomwungere. Printa ikaanza kulia kama panzi wa shambani. Karatasi ikatoka ikiwa na joto, Pasikali akaikunja akaiweka kifuani chini ya koti, mvua isiiguse. Pale mlangoni akageuka. "Bibi, nitamtaja wa kwanza." Gari likaondoka likirusha matope.

Siti alikata ncha ya waya iliyochoka, akafunga kiungo kipya, akaupandisha waya wote juu ukutani kwa misumari midogo. Alipomaliza akakirudisha kiti ukutani, akamwomba bibi aketi ajaribu. Chumba kizima kikatazama vioo, wazee walioingia wakiwa na maji yanawachuruzika, Venanti, Siti. Bibi akaketi, akaegemea. Vikaendelea kuwaka.

Bwana Ildefonsi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono mfukoni. "Haya mama. Sasa umefurahi?"

Bibi alikuwa ameshamshukuru Siti, amemshukuru Venanti, na amemwombea Pasikali njia njema. Mkuu wa ofisi alimtazama bila kumchukia, lakini hakumpa shukrani aliyokuwa anaisubiri.

"Sijafurahi, bwana," alisema. "Nimeketi tu. Kufurahi ni Ijumaa, nikimwona mtoto." Kisha akainuka, akamwachia Niyomwungere kiti.